Mkanda Uliopakwa Dawa

Tarehe tisa Machi mwaka huu tulimzika Elija arap Tonui, na kwa kuondoka kwake nimempoteza mtu wa mwisho aliyenifahamu kabla sijaitwa mama wa mtu. Binti yangu Cherono ndiye aliyenipeleka mazishini kwa gari lake, na kabla hatujatoka nilimuuliza kama amebadilisha mkanda wa injini. "Mama, kila safari unauliza," akasema. Nilikaa nyuma kabisa ya hema, mvua ndogo ikigonga juu yetu, na kijana mmoja wa pale nyumbani akainama akaniuliza kwa heshima, akiniita bibi kwa lugha yao, "Kogo, wewe ni wa upande gani wa familia?" Nikamjibu kwamba mimi ni jirani wa zamani. Aliridhika, akaniletea chai. Sikuwa nimedanganya, lakini jirani halii vile nilivyolia. Watu walipokuwa wakila nilizunguka nyuma ya ghala la mahindi. Gari la marehemu bado liko pale, limekaa juu ya mawe bila magurudumu, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Nilifungua boneti nikagusa kile kifuniko cha mbele ya injini, na kwa umri wangu huu nilijikuta nimebana pumzi, nasikiliza. Nitaandika habari za mwaka mmoja tu, 1974, kwa sababu ndio mwaka nilioishi nikisikiliza.

Namna mimi na mume wangu Zakayo tulivyotoka Maragoli tukafika kwenye vilima vya chai haina haja hapa. Tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya hoteli, kwenye senta ndogo kati ya Kericho na Bomet, mahali ambapo mvua hunyesha alasiri nyingi za mwaka. Kitanda, meza, jiko la makaa, na pazia la maua lililogawa chumba ili mgeni asione kitanda. Ukuta uliotutenga na hoteli ulikuwa wa mabati yaliyopigiliwa kwenye mbao, kwa hiyo kila neno la wale waliokaa kwenye benchi la upande huo lilinifikia pamoja na harufu ya mandazi. Zakayo alifanya kazi kwenye kiwanda cha chai. Mashine za kusokota majani pale zilizungushwa na mikanda mipana ya ngozi, yote ikivutwa na shafti moja ndefu iliyopita chini ya paa, na kazi ya Zakayo ilikuwa kuitunza hiyo mikanda. Alitembea na kopo la dawa ya mikanda, kitu kizito cha rangi ya asali, chenye harufu ya utomvu na mafuta. Mkanda ukikauka hulia. Ukilia, unaupaka dawa, unanyamaza, unashika vizuri, unaendelea na kazi miaka mingine. Alijua kila mkanda kwa sauti yake. Hata baada ya kuoga alinukia ile dawa, na mimi niliipenda harufu hiyo, kwa maana ilikuwa ndiyo harufu ya mtu aliyerudi nyumbani.

Tulikuwa tumezika watoto wawili. Wa kwanza alifia tumboni nikiwa kwenye kile kitanda nyuma ya pazia. Wa pili alilia kidogo, akanyamaza. Safari ya wa pili nilifikishwa hospitali ya misheni, upande wa Bomet, nikiwa nimechelewa sana, na daktari mzungu akamwita muuguzi anieleze vizuri: nyonga zangu ni nyembamba, mtoto hawezi kupita. "Ukibeba tena ni kupasuliwa," muuguzi alisema. "Uchungu ukianza tu, uletwe hapa. Ukikaa nyumbani, safari hiyo tutawapoteza nyote wawili." Mwaka wa 1974 ulipoanza nilikuwa nimebeba wa tatu. Watu hudhani woga ni kupiga kelele. Wangu ulikuwa wa kusonga ugali na kusahau kuuepua. Ulikuwa wa kusimama katikati ya chumba na mwiko mkononi, nikingoja mtoto acheze, na akicheza naogopa kwamba anacheza kwa mara ya mwisho.

Njia ya hakika ya kufika hospitali ilikuwa moja, gari la Arap Tonui. Lori la kiwanda lililokusanya majani mabichi lilipita, lakini lilifika kwetu jioni au lisifike kabisa, na lilikatazwa kubeba watu. Basi lilipotea pamoja na barabara mara tu mvua za masika zilipoanza. Arap Tonui alikuwa shemasi wa kanisa letu, mtu mrefu asiyeharakisha neno, aliyejifunza umakanika kwenye gereji Kericho. Gari lake lilikuwa stesheni wagoni ndogo ya Kiitaliano aliyoipata kwa mwalimu mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa limetembea mno. Namba za maili zilikuwa zimefika mwisho, zikarudi sufuri, zikaanza kupanda upya. Kupitia mabati niliwasikia wakimchokoza.

"Arap Tonui, hiyo gari yako imebatizwa mara ya pili. Maili zote zimesamehewa!"

"Zimesamehewa kwa mita," akajibu. "Injini bado inazikumbuka."

"Si uongeze oili tu?"

"Oili si shida. Shida ni mkanda."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia habari ya mkanda ule. Jumapili moja ya Februari, baada ya ibada, alikuja kula kwetu. Nilipika ugali wa wimbi na kunde zilizochanganywa na mrenda, na yeye akaleta kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, kutoka kwa mke wake. Zakayo alimuuliza ni mkanda gani huo anaousema kila siku. Arap Tonui alinawa mikono, akanigeukia mimi.

"Dada Rebeka, kwenu wanawake wawili wanatwanga kwenye kinu kimoja?"

"Wanatwanga."

"Mmoja akipandisha mchi, mwingine anashusha. Sasa mmoja akipotea, asijue zamu yake ni lini?"

"Mchi unagonga mchi."

"Ama mkono," Zakayo akaongeza, na tukacheka.

"Basi ndani ya injini ni hivyo," Arap Tonui akasema. "Pistoni inapanda, valvu inashuka, wanapishana. Mwenye kuwapigia hesabu ya kupishana ni mkanda mmoja wa mpira, una meno kama msumeno. Mkanda wa taimingi. Ukikatika, wanagongana, valvu zinapinda. Huwezi kuisukuma gari ikawaka, huwezi kuifunga kwa kamba. Imekufa hapo hapo ilipo."

"Lakini utausikia ukilia kwanza," Zakayo akasema, kama mtu anayeijua kazi.

"Huu haulii, ndugu. Hiyo ndiyo taabu yake. Unafanya kazi vizuri mpaka dakika ya mwisho, halafu kimya."

Tukaacha kucheka. Akatueleza mpango wake, naye alikuwa mtu wa kupanga kazi ya gari kama vile wengine wanavyopanga harusi. Kitabu cha gari kilisema mkanda ubadilishwe kila baada ya maili kadhaa, lakini yule mwalimu hakujua kama uliwahi kubadilishwa, kwa hiyo yeye aliuhesabu kuwa umekwisha. Mpwa wake Nairobi alikuwa anautafuta mpya. Pamoja nao angebadilisha ile puli ndogo inayoukaza, kwa sababu beringi yake imezeeka sawa na mkanda, na pampu ya maji iliyo jirani, na sili ya oili ya mbele. "Nikishafungua mbele ya injini, sitaki kufungua tena mwezi unaofuata kwa sababu ya kitu nilichokiona nikakiacha," akasema. Kwa kazi hiyo yote gari lingelala wazi siku kadhaa uani kwake, labda wiki. Ilibaki kuamua ni wiki gani. Na hapo maneno yakaisha mezani. Kwetu na kwao pia, mimba haihesabiwi miezi mbele za watu, na mimba ya mwanamke aliyezika wawili haitajwi hata kwa minong'ono. Mwanamume wa Kipsigis, tena shemasi, hangeweza kuniuliza. Mimi nisingeweza kusema, kwa maana niliona kama nikiutaja mwezi, kitu kibaya kitasikia na kuja kungoja mlangoni. Zakayo alitazama taa isiyowashwa.

"Mimi nauliza habari ya gari tu," Arap Tonui akasema, akiangalia kikombe chake. "Gari ilazwe lini?"

Nami nikaijibu sufuria. "Kama ni gari tu, ilazwe mapema. Kabla chai haijawa nyingi."

"Na chai ikiwa nyingi?"

"Wakati huo iwe imesimama kwa magurudumu yake."

"Pasaka, je?"

"Pasaka ni sawa. Baada ya Pasaka asiiguse mtu."

Akamega tonge. "Basi," akasema. "Gari imesema."

Pasaka ikaja, mkanda haukuja. Mpwa wake aliandika kwamba maduka ya spea yanangoja meli. Ikapita Pasaka, mvua zikashuka kwa nguvu, majani ya chai yakaanza kuchipua hadi mashambani watu wakawa wanachuma tangu asubuhi mpaka giza, na mimi nikawa siwezi tena kujificha ndani ya leso. Arap Tonui hakulaza gari, ila alilipunguzia safari. Alikataa kupeleka bibi harusi. Alikataa kubeba viazi. Hata mahindi yake mwenyewe yalikaa kule Soin kwa shemeji yake, akayaacha yaliwe na wadudu. Watu wakaudhika, na siku moja nikiwa nimezama kwenye mawazo, nikichambua mchele ulioshachambuliwa, niliwasikia upande wa pili wa mabati.

"Gari imekuwa ya bibi ya Zakayo peke yake?"

"Anawekewa. Si ni wa tatu huyu."

"Hata angewekewa ndege. Tumbo likikataa limekataa."

"We! Nyamaza, mama yuko hapo nyuma."

Mtu akaagiza chai kwa sauti kubwa. Sikulia. Niliweka mchele chini, nikaenda kukaa nyuma ya pazia, nikaweka mikono miwili juu ya tumbo kama mtu anayeziba masikio ya mtoto.

Zakayo aliogopa kwa namna nyingine. Yeye alikuwa mtu wa mikono, na woga wake ulitafuta kitu cha kushika. Alimwomba Arap Tonui amwonyeshe mkanda. Nilikuwapo. Arap Tonui alifungua kile kifuniko cha mbele, tukauona, mweusi, mwembamba kuliko nilivyodhani, mgongo wake una mistari midogo midogo kama kisigino kilichopasuka. Zakayo aliutazama kwa muda mrefu. "Umekauka," akasema polepole. Arap Tonui alijibu kwamba umezeeka, akafunga. Niliona hayakuwa maneno mamoja, lakini sikujua tofauti yake ni nini, na wao wenyewe hawakuona kwamba wamesema mambo mawili.

Wiki iliyofuata Arap Tonui alikwenda Soin kwenye matanga. Jumapili hiyo Zakayo hakuwa na zamu kiwandani, lakini alipoingia kula chakula cha mchana, ile harufu ya utomvu iliingia naye. Nikamuuliza kama ameitwa kazini. Akatabasamu, na sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu mwaka uanze. "Nilipita kwa Arap Tonui. Nimeufungua ule mkanda, nimeupaka dawa. Mke wake alinipa spana. Sasa umelainika, Rebeka, ungeuona! Unang'aa." Alikula vizuri siku hiyo, akaomba nyongeza. Akajilaza mchana kweupe na kulala kama mtoto, mkono wake umeangukia upande wangu, nami nikaunusa ule mkono, nikafarijika. Nakumbuka hiyo alasiri kuliko siku nyingi za furaha ya kweli. Tulikuwa salama kabisa, kwa muda wa usingizi mmoja.

Arap Tonui aliporudi aliwasha gari alipashe moto, harufu ikampanda puani. Alimtuma mtu amwite Zakayo, nami nikafuata. Kifuniko kilikuwa tayari chini.

"Nani amefungua hapa?"

"Mimi, ndugu," Zakayo akasema bila kuficha. "Ulikuwa umekauka. Nimeupaka ile yetu ya kiwandani."

Arap Tonui aligusa mkanda kwa kidole, akakinusa kidole. Hakupaza sauti. Nilitamani apaze. "Zakayo," akasema, "ule wa kiwandani ni ngozi. Ngozi inakunywa mafuta, inapona. Huu ni mpira. Mafuta yanaula."

Wakaufungua, wakauosha kwa sabuni na maji ya moto mara nyingi, Zakayo akisugua kwa kucha kama mtu anayeosha kidonda cha mwanawe. Lakini mpira ulikuwa umeshakunywa. Pembeni ulikuwa umevimba, na meno yake yalibonyea ukiyaminya. Hapakuwa na mwingine wa kuweka. Wakaurudisha huo huo.

"Utafika wapi?" Zakayo akauliza.

"Labda Bomet na kurudi mwaka mzima. Labda hautafika kanisani. Mimi sijui, na wewe hujui." Kisha akanitazama mimi, akaona haya ya kunitazama, akageukia gari. "Asiiguse mtu tena. Hata mimi. Mpaka siku yake."

Kuanzia hapo Zakayo hakugusa kitu nyumbani. Mguu wa meza ulilegea akauacha. Bawaba ya mlango ilikwaruza, akaacha ikwaruze. Alikaa kizingitini akitazama barabara na mvua, na nikimwita hula, na nikinyamaza hali. Sikumlaumu, na sitasema nilimsamehe, kwa sababu sikuwahi kuwa na nafasi ndani yangu ya kumkasirikia. Nafasi yote ilikuwa imejaa. Arap Tonui naye alifanya jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Kando ya barabara ile kulikuwa na vituo vya kununulia majani, vibanda vya mabati vyenye mizani, kimoja kila baada ya vilima viwili vitatu. Kuanzia adhuhuri wakulima hushusha vikapu vyao pale na kungoja lori. Alitembea kwa miguu ndani ya tope, kituo hadi kituo, akazungumza na watu. Aliporudi alituambia mpango mpya akiwa amesimama mlangoni, koti linachuruzika.

"Tukienda, twende saa ya majani, watu wakiwa vituoni. Nimewaambia, mkisikia gari inapanda upande ule wa kilima, halafu msiisikie tena, acheni vikapu, njooni."

Kwa hiyo hata wao wakawa wanasikiliza. Nililala na kuamka nikijua kwamba vilima vyote hadi karibu na Bomet vilikuwa na watu waliotega masikio kwa ajili yangu, na badala ya kunituliza jambo hilo liliniongezea woga, kwa maana sasa nisipofika, ningekuwa nimewaangusha wote.

Uchungu ulianza asubuhi moja ya Mei, kabla ya mwezi niliokuwa nikiuhesabu moyoni. Nilikuwa naosha vikombe. Arap Tonui alikuja na mke wake, Mama Kiplangat, wakasimama uani. Alisema kwa ufupi. Lori likija litakuja jioni. Kubebwa kwa miguu mpaka hospitali ni mbali kuliko nguvu za mtu. Gari ndilo hilo, na mkanda ndio huo. "Dada, mwenye kusema ni wewe," akasema. Nikasema twende. Akasema tungoje adhuhuri watu wafike vituoni, na kungoja huko ndiko kulikokuwa kugumu kuliko safari yenyewe. Mama Kiplangat alinipikia uji nisioweza kuunywa, akakaa nyuma yangu kitandani nikimwegemea, akinisugua mgongo. "Polepole, polepole," alikuwa akisema, na sikujua anamwambia nani, mimi au mtoto.

Arap Tonui akawasha injini. Ikashika. Aliendesha mwendo mmoja, wa chini, bila kukanyaga mafuta kwa nguvu na bila kuyaachia ghafla, kama mtu aliyebeba maziwa yaliyojaa mpaka mdomoni. Mimi na Mama Kiplangat tulikuwa nyuma. Zakayo alikaa mbele, kiganja chake kimelala juu ya dashibodi, kichwa kimeinama, kama alivyokuwa akisikiliza mikanda yake. Uchungu ulipokuja nililia, naye akasema, "Samahani, Rebeka, nyamaza kidogo, nasikiliza," kisha akagundua alichosema akaziba uso kwa mkono wa pili. Kituo cha kwanza watu walisimama wote. Hakuna aliyepunga mkono. Mwanamke mmoja alikuwa ameshika kikapu kifuani, akatufuata kwa macho tu. Tukapita. Kituo cha pili hivyo hivyo, na karani alivua kofia. Tukashuka hadi mto, tukavuka daraja la mbao, tukaanza kupanda.

Haukulia. Arap Tonui alikuwa amesema kweli. Palisikika mlio mdogo wa chuma, kama kifungo kimeanguka kwenye sakafu, halafu mvua juu ya paa. Sijawahi tena kusikia mvua vile. Siku hizi friji ya Cherono ikijizima jikoni, nasimama nimeshika meza mpaka iwake tena. Gari lilianza kurudi nyuma, Arap Tonui akalishika kwa breki. Zakayo hakuondoa kiganja kwenye dashibodi. "Ni mimi," akasema. "Mungu wangu, ni mimi."

"Shuka uweke jiwe," Arap Tonui akamwambia. Kuhusu jambo hilo hakumwambia neno lingine, siku hiyo wala siku nyingine.

Tukangoja. Juu ya kilima hapakuwa na sauti. Nilifikiri hawakusikia, kwamba mvua imetumeza. Mama Kiplangat alianza kuomba kwa Kipsigis chini chini, akaacha katikati, akainua kichwa. Ndipo tukasikia miguu, miguu mingi ya watu wasio na viatu inateremka kwenye tope, na sauti za wanawake wakiitana. Walikuja wamekwisha kupitisha miti miwili ndani ya magunia ya majani, machela imekwisha kuwa tayari. Walinibeba kwa zamu wakipanda, na aliyeteleza alipokewa kabla hajaanguka. Kituo cha tatu lori lilikuwapo, limefika mapema siku hiyo, limejaa. Dereva alisema amekatazwa kubeba watu. Bibi kizee mmoja akamwambia, "Basi huyu si mtu. Ni majani yangu. Pima!" Watu wakacheka katikati ya mvua ile, na dereva akafungua nyuma. Walinilaza juu ya magunia ya chai. Majani mabichi yakirundikwa hupata joto, na joto lile lilipanda mgongoni kwangu njia nzima, na hilo ndilo jambo la mwisho ninalolikumbuka vizuri kabla ya taa ya hospitali na kitambaa chenye dawa kilichofunika pua yangu.

Nilipozinduka, Mama Kiplangat alikuwa na kitu kilichofungwa kwenye leso. Alikuwa msichana, na alikuwa analia kwa hasira. Ilikuwa jioni, saa ambayo mbuzi wanarudishwa nyumbani, kwa hiyo Mama Kiplangat akamwita Cherono kabla sisi hatujamtafutia jina, na hatukutafuta lingine.

Tuliporudi senta, watu hotelini walitaka kujua gari limeuawa na nini. Niliwasikia wakimuuliza Arap Tonui kupitia mabati, nami nikiwa nanyonyesha, na Zakayo amekaa mezani akikodolea mikono yake. "Mkanda ulikuwa mzee," Arap Tonui akajibu. "Gari imetembea sana." Mtu akasema pole, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya ng'ombe. Zakayo aliinuka akatoka nje, akasimama mvuani mpaka shati lake likamng'ang'ania mwilini.

Mkanda mpya ulifika Agosti, ndani ya boksi dogo, pamoja na puli, pampu na sili. Arap Tonui aliuleta kwetu, akauweka mezani kando ya chai, akamshika Cherono kidogo kwa vidole vya kishemasi, vya kuogopa kumchafua. "Salama, Mama Cherono?" akaniuliza, na ndiyo mara ya kwanza mwanamume kuniita hivyo. Kisha akamwambia Zakayo, "Leta mikono. Tunaanza na kichwa cha injini."

Gari lilikuwa limevutwa na ng'ombe hadi uani kwake. Valvu zilizopinda walizibadilisha na nyingine za gari la aina hiyo lililooza nyuma ya gereji Kisumu, na kila moja ilibidi isagwe kwa mkono mpaka ikae sawasawa kwenye kiti chake. Zakayo alifanya hiyo kazi, alasiri baada ya alasiri akitoka zamu, akizungusha kijiti kati ya viganja viwili kama watu wa zamani wakipekecha moto. Ilikuwa na mlio wa kukwaruza, laini, wa kwenda na kurudi. Nilikuwa naenda na Cherono mgongoni nakaa karibu nao, na mlio ule ulimlaza. Hawakuzungumza sana. "Nipe hiyo." "Shika hapa." "Bado, endelea kidogo."

Siku ya kuwasha ilikuwa Desemba, jua kali, vilima vimekauka. Mkanda mpya ulikuwa mahali pake, umekazwa, mkavu, alama zote zimelingana. Arap Tonui alirudisha kifuniko, akaingiza bolti moja moja, ya mwisho akaiacha. Akampa Zakayo spana, akaenda kukaa nyuma ya usukani, akafungua mlango wa upande wa pili. Zakayo alisimama pale mbele ya injini kwa muda. Akachuma nyasi, akajifuta viganja na kila kidole. Akaikaza ile bolti. Halafu akainua vidole puani akavinusa, akazunguka gari, akaingia akaketi.